Kiti cha Hamsini na Moja

Katika mji wetu wa Rhineford, Wisconsin, watu wakishamaliza habari za theluji na bei ya maziwa huja kwenye habari za familia yetu. Husema kwamba marehemu mume wangu, Kapteni Harlan Tessmer, ndiye aliyemzibia njia mdogo wake Orrin. Maneno hayo husemwa zaidi siku za Ijumaa, katika ukumbi wa chini wa kanisa, samaki wakiwa bado kwenye mafuta na mtu hana la kufanya ila kushika sahani tupu na kusengenya. Nimefundisha historia muda wa kutosha kujua kwamba uongo usiojibiwa huzeeka, ukishazeeka huheshimiwa. Ndiyo maana naandika habari za Orrin. Yeye mwenyewe hataziandika. Ukimpa kalamu, ataitumia kuzibulia bomba.

Harlan na Orrin walizaliwa wawili tu, katika shamba la ng'ombe wa maziwa nje kidogo ya mji. Jirani yao alikuwa na ndege ya kunyunyizia dawa mashamba, na wavulana wote wawili waliipenda kuliko walivyowapenda ng'ombe, jambo ambalo baba yao hakuwasamehe hadi anakufa. Harlan, mkubwa, alikwenda jeshini, akatoka na mabega mapana na sauti ya kuamuru, akaajiriwa na kampuni kubwa ya ndege. Orrin alijifunza hapa hapa, kwenye uwanja wetu mdogo, akilipia masomo kwa kufagia theluji juu ya mabawa ya ndege za wengine. Akaajiriwa na kampuni ndogo.

Abiria wa kwetu haoni tofauti ya kampuni hizo mbili. Mkia wa ndege una rangi za kampuni kubwa, tiketi ina jina la kampuni kubwa, hata karatasi ya kufutia midomo ina nembo yake. Ila rubani aliye mbele ni wa kampuni ndogo iliyokodishwa kusomba watu wa miji kama wetu na kuwafikisha Chicago, na mshahara wake unafanana na kampuni yake. Mabwana wa kampuni kubwa waliona utamu wa jambo hilo mapema. Wakiwapa wale wadogo ndege kubwa kidogo, kisha kubwa kidogo tena, siku moja wangeamka hawahitaji marubani wa bei ghali kabisa.

Marubani wa bei ghali nao hawakuwa wamelala. Chama chao kilikaa mezani na mabwana, na miongoni mwa waliokaa alikuwa Harlan wangu. Waliinuka na kipengele cha mkataba ambacho mpaka leo kinatajwa kwa heshima: kampuni ndogo zisirushe ndege ya viti zaidi ya hamsini, isipokuwa chache zilizohesabiwa, na hizo chache zilikwisha kugawanywa. Cha hamsini na moja ni cha rubani wa kampuni kubwa. Nilikuwapo Harlan alipoingia jikoni na habari hiyo. Alikuwa amekonda, tai mfukoni, akasema, "Corinne, ukiachia kiti kimoja umeachia ndege nzima." Niliona fahari. Sijaona sababu ya kuiona aibu.

Jumapili iliyofuata tulikula kwa mama yao. Mama mkwe wangu, Minna Tessmer, alikuwa na desturi ya kugawa karata kabla sahani hazijaondolewa, kwa sababu aliamini watoto wake wakiwa na karata mkononi hawatarushiana viazi.

"Nasikia umenipimia ukubwa wa suruali, kaka," Orrin akasema huku akipanga karata zake.

"Nimekulinda, mdogo wangu."

"Kunilinda na nini?"

"Wasikufanyishe kazi yangu kwa nusu ya mshahara wangu."

"Lo, wamechelewa. Mimi tayari naifanya kwa theluthi."

"Njoo kwetu basi! Mlango uko wazi."

"Mlango uko wazi, ila foleni yake inaanzia uani kwa Mama."

"Cheza karata," Mama Minna akasema. "Mkitaka kupigana, nje kuna theluji ya kutosha."

Kuhusu mlango huo, naomba nieleweke vizuri, maana hapo ndipo ukumbi wa chini wa kanisa unapopotea. Harlan hakumfungia mtu. Orrin aliitwa mara ya kwanza, na kabla hajaripoti kazini zikaja siku zile mbaya ambapo nchi nzima iliogopa kupanda ndege, kampuni kubwa ikawapunguza hata wale iliokuwa nao. Aliitwa mara ya pili, kampuni ikafilisika kwa muda na kufuta ajira zote mpya. Mara ya tatu mlango ulikuwa wazi kweli, lakini kwetu sisi familia za ndege kila kitu hufuata ukongwe kazini: njia unayoruka, likizo yako, Krismasi yako. Ukihama kampuni, ukongwe wako haukufuati. Orrin, kapteni mwenye mvi, angeanza mwisho wa foleni, nyuma ya vijana ambao yeye mwenyewe aliwafundisha kutua kwenye upepo wa ubavu. Mkewe Lavonne akamuuliza, "Utaweza?" Akajibu, "Kuruka nitaweza. Kuomba likizo kwa mtoto niliyemfunga mkanda, sitaweza." Akabaki alipo.

Kwa hiyo maisha yake yote aliyamalizia katika ndege za viti hamsini. Wengi hamzijui tena. Zilikuwa nyembamba hata mtu mrefu aliingia kichwa kimeinama kama anayeingia kuungama. Watengenezaji waliunda nyingine zilizo bora, pana, zenye kunywa mafuta kidogo, zikasimama kiwandani zikikosa wa kuzinunua kwa sababu zilizidi viti au zilizidi uzito uliotajwa mkatabani. Mama Minna aliita ndege ya Orrin penseli. Na Harlan alikuwa amekwisha kumpeleka mama yake mahali pengi: Honolulu, Roma, hata kijiji cha Ujerumani walikotoka babu zake, ambako alilalamika kuhusu soseji. Familia za ndege hatununui tiketi. Tunasafiri bure kwa haki ya mtumishi, kwa sharti kwamba kiti kimebaki kitupu, na mama alisafiri kwa haki ya Harlan miaka yote.

"Lini utapanda na mimi, Mama?" Orrin alikuwa akimuuliza.

"Ukipata ndege ambayo mtu anasimama wima."

"Nikiipata hutarudi nyuma?"

"Mimi ni Mlutheri. Sirudi nyuma."

Alisema kwa mzaha. Orrin hakulichukua kwa mzaha. Alikuwa mtu wa namna hiyo, mtaratibu, mwenye kubeba neno dogo miaka mingi bila kulitikisa. Abiria wake walikuwa wauza matrekta, wanafunzi, na wagonjwa wa figo waliokwenda hospitali za Chicago, na aliwajua wengi kwa majina. Alikuwa na koleo lake mwenyewe la theluji nyuma ya kiti chake. Kila alipopita juu ya ziwa letu alitangaza, "Upande wa kushoto mnaliona Ziwa Kessler, ambako samaki wamo, ila si kwa ajili yenu." Hakuna aliyecheka tangu mwaka wa kwanza, na hakuna aliyetaka aache.

Kisha ikaja ndege iliyomtoa machozi, ya furaha au ya kicheko, hakuwahi kuamua. Kampuni ilichukua ndege iliyoundwa kwa abiria sabini, ndefu, yenye dari ambayo mtu anasimama wima, ikang'oa viti ishirini. Ikabaki hamsini. Mkataba ukaridhika. Palipokuwa na viti pakawekwa kabati kubwa la mabegi na meza ya vitafunio ambayo abiria wa mbele hujichotea wenyewe. Wauza matrekta walisifu sana. Walidhani wamependelewa.

Harlan alikuwa amestaafu tayari, na moyo umeanza kumsumbua, lakini aliomba kuiona. Orrin alitupandisha ndani ikiwa imeegeshwa. Mume wangu alitembea wima hadi nyuma, akivihesabu viti kwa kidole, akarudi akivihesabu tena.

"Hamsini," akasema. "Safi."

"Na hapa, kaka?" Orrin akagonga lile kabati. "Hapa palikuwa na watu."

"Sasa pana nafasi. Watu wanalalamika kila siku kwamba ndege hazina nafasi."

"Kwa hiyo tumeruka miaka yote hii ili tupeleke hewa Chicago."

"Hewa haitamnyang'anya mtu kazi," Harlan akasema, na wote wawili wakacheka mpaka Harlan akalazimika kuketi. Nawaambia hili wale wa ukumbi wa chini: walicheka pamoja. Miezi michache baadaye tulimzika.

Viti vilivyong'olewa viliuzwa kwa yeyote aliyevitaka. Kinyozi wetu anavyo. Mwindaji mmoja alipandisha viwili juu ya mti anakovizia paa. Orrin alileta nyumbani vilivyoungana viwili, akavifunga kwa skrubu kwenye baraza la mbele, vikitazama shamba la mahindi na kipande cha ziwa.

"Watu wana bembea barazani," Lavonne alinilalamikia. "Sisi tuna daraja la pili."

"Kaa karibu na dirisha, mke wangu."

"Dirisha gani, Orrin? Tuko nje!"

Sheria inamtaka rubani wa abiria aache akifika miaka sitini na mitano, hata awe na macho ya mwewe. Orrin alipokaribia, alikwenda kwa mama yake, wakati huo ana miaka tisini na mmoja, akamkumbusha neno lake. Kwetu, rubani akiruka mara ya mwisho hubeba watu wake ndani, na ndege ikitua magari ya zimamoto husimama pande mbili na kuimwagia maji kama tao. Safari ya mwisho ya Orrin ilikuwa Chicago hadi Rhineford. Watoto, wajukuu na Lavonne wangesubiri nyumbani na keki. Ndani alitaka mtu mmoja tu.

"Mtu anasimama wima?" mama akauliza.

"Wima, Mama. Hata na kofia ya kanisani."

"Basi nitavaa ya kanisani."

Nikasema nitamnunulia tiketi, kiti kiwe na uhakika. Orrin alinitazama kana kwamba nimependekeza mama aingie kwa kuruka ukuta.

"Shemeji, mama yangu hanunui tiketi kwenye ndege yangu. Ataingia kwa haki yangu."

"Na ikijaa?"

"Ndege ya mchana haijawahi kujaa. Nusu nzima hubaki. Unaniambia mimi?"

Sikubishana zaidi. Ni jambo ambalo mke wa mkulima asingelielewa, lakini katika familia kama yetu kununua tiketi ni sawa na mwoka mikate kununua mkate kwa jirani. Na miaka yote mama alikuwa amesafiri kwa jina la mtoto mmoja. Orrin alitaka mara moja tu asafiri kwa la mwingine. Basi, siku ilipofika, nilimwendesha mama mkwe kwa gari karibu nusu siku, kutoka Rhineford hadi Chicago, ili arudi Rhineford kwa muda usiotosha kunywa kahawa. Njiani hakuona ajabu yoyote. Alishika pochi yake magotini na kofia yake ya rangi ya zambarau haikutikisika.

Hatukuwa tumehesabu ukungu. Siku iliyotangulia ulikuwa umelala juu ya nusu ya jimbo, safari zikafutwa, na abiria wa jana wakamwagika kwenye ndege ya leo. Tulipofika langoni nilipewa ruhusa ya kumsindikiza mzee, na msichana wa kampuni aliyesimama pale, Marisela, alikuwa amekwisha kuvaa uso wa mtu mwenye habari mbaya.

"Samahani sana, Bibi. Ndege imejaa."

"Imejaa wapi?" mama mkwe akauliza. "Mwanangu anasema ndani mna kabati kubwa kuliko jiko langu."

"Ni kweli, Bibi."

"Na meza ya vitafunio."

"Ni kweli pia."

"Basi nitakaa pale penye vitafunio."

"Hakuna kiti pale, Bibi. Viti viling'olewa."

"Viling'olewa na nani?"

Marisela akafikiri. "Nadhani ni mkataba, Bibi."

Mimi nikatazama dirishani. Ndege ya Orrin ilikuwa nje, ndefu, nyeupe, na mtu yeyote mwenye macho angeona kwamba ingemeza watu ishirini zaidi bila kucheua.

Wa mwisho kupewa kiti alikuwa kijana mrefu mwenye sare ya kampuni kubwa. Ndege yao mojawapo ilikuwa imekwama kwetu Rhineford kwa ukungu, mwenzake ametangulia asubuhi, naye anakwenda kumsaidia kuirudisha. Mkataba unasema rubani anayesafirishwa kikazi apewe kiti cha abiria, kiti kamili, na si kile kikalio cha kukunjwa nyuma ya marubani. Najua utakavyosema. Kipengele hicho nacho kiliandikwa na meza ile ile. Kijana aliona jina kwenye kioo cha majina ya wanaosubiri, akaja.

"Mama, samahani. Tessmer wa Kapteni Harlan Tessmer?"

"Mume wangu," nikasema.

Akavua kofia. Aliitwa Lindgren. "Kwenye chama wanatufundisha maneno yake. Ukiachia kiti kimoja umeachia ndege nzima."

"Aliyasema jikoni kwangu kwanza," nikasema.

"Na huyu ndiye mama yake," Marisela akadakia, maana alikuwa na moyo, "na kapteni wa ndege hii ni mwanawe, na leo ndiyo safari yake ya mwisho, na wewe ndiye uliyekalia kiti cha mama."

Lindgren akawa mwekundu hadi masikioni. Akasimama anapambana na wafu na walio hai kwa wakati mmoja. Kisha akasema polepole, "Mkataba unasema siwezi kulazimishwa kukaa kwenye kile kikalio. Hausemi siwezi kupenda. Kapteni akiniruhusu mbele, kiti naachia."

Orrin akaitwa. Akatoka kwenye ndege na mistari yake minne begani, akamshika kijana mkono kwa mikono miwili. "Karibu mbele. Nitakuonyesha ziwa." Kisha akamgeukia mama yake, na nikaona uso wake wa utotoni, wa kabla sijamjua.

Hapo Marisela akakohoa.

"Kapteni, kiti kikiachiwa kinarudi kwenye foleni. Na kwenye foleni watu wa kampuni kubwa wanawatangulia watu wa kampuni ndogo. Wako watano mbele ya mama yako."

"Ana miaka tisini na mmoja, Marisela."

"Kompyuta haiulizi miaka yake. Inauliza miaka ya kazi ya mtumishi wake." Akabonyeza bonyeza. "Lakini hapa naona mama yako bado ana haki ya Kapteni Harlan. Marehemu alikuwa na ukongwe mkubwa. Nikimhamishia huko, anakuwa wa kwanza. Ni kubonyeza mara moja."

Sitaficha kwamba moyo wangu uliruka kwa fahari. Mume wangu ameshakufa, na bado jina lake linafungua milango. Nikasema, "Basi bonyeza, binti."

Orrin alikitazama kile kioo cha majina. Ndipo akasema, "Ndiyo. Mwandike kwa Harlan. Mama, jina si kitu. La maana uwemo ndani."

"Jina si kitu?" mama mkwe akasema. "Mbona ulimkataza Corinne kuninunulia tiketi?"

Orrin akaivuta tai yake mpaka ikaenda upande.

"Kwa jina la Harlan nimekwenda Roma. Nimekwenda kule kwenye soseji mbovu. Leo nimevaa kofia hii kwa ajili ya jina lako. Nikiingia kwa lake, nitakuwa nimesafiri na Harlan tena, na wewe utakuwa dereva."

"Mama, baada ya hii hakuna nyingine."

"Najua kuhesabu."

Nikamshika bega, nikamwambia kwamba Harlan angefurahi sana kumsaidia mdogo wake. Akaupapasa mkono wangu.

"Mwanangu, Harlan ameshaifanyia ndege hii mengi ya kutosha."

Nimeamua kulipokea neno hilo kama sifa.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa kijana wa idara ya kompyuta ya kampuni kubwa, amebeba fimbo ya kuvulia samaki na masikio yameziba kwa muziki. Hakuwa amesikia neno hata moja. Nikapiga hatua nimguse bega, nimweleze, na ninaamini angekubali. Mama mkwe akanivuta mkono wa koti.

"Wewe ndiye uliyenifundishia wajukuu kwamba akina Tessmer hawaombi," akasema. "Au ilikuwa ya darasani tu?"

Nikarudi mahali pangu. Jina lilipoitwa, kijana akaingia na fimbo yake. Orrin akainama, mama akamrekebisha tai, wakaagana bila maneno kama watu wa kwetu wanavyoagana, kwa kuulizana kama barabara ina barafu, hata iwe kiangazi. Tulisimama dirishani mpaka ndege ikasukumwa nyuma. Ilipaa vizuri, abiria hamsini, rubani mmoja wa ziada, na zulia tupu.

Njia nzima ya kurudi mama alilala. Tulipofika Rhineford maji ya zimamoto yalikuwa yamekauka na keki imeliwa upande wa maua. Orrin hakuwa ndani na wageni. Alikuwa ameketi barazani, kwenye vile viti viwili, na sare yake yote mwilini, kofia magotini, jua linashukia mahindi.

"Amekataa kuvua nguo," Lavonne akaniambia mlangoni. "Anasema bado ana abiria mmoja."

Orrin akasimama alipotuona. Akamshika mama yake mkono, akampandisha ngazi za baraza, akamkalisha kiti cha upande wa ziwa. Akamfunga mkanda, akaukaza, akaujaribu kwa kidole kama inavyotakiwa. Kisha akaketi pembeni yake.

"Mabibi na mabwana," akasema kwa sauti yake ya kazini, "upande wa kushoto mnaliona Ziwa Kessler, ambako samaki wamo, ila si kwa ajili yenu."

Mama mkwe akacheka. Alikuwa hajawahi kulisikia lile tangazo. Alikuwa mtu pekee wa Rhineford ambaye kwake lilikuwa jipya, na alicheka mpaka kofia ikateleza.

"Nimeandikwa kwa jina la nani humu?" akauliza alipopata pumzi.

"Kwa langu, Mama. Hakuna mwingine kwenye foleni."

Lavonne akaleta kahawa kwenye sinia, kiunoni amejifunga leso kama mhudumu, akauliza kwa adabu kama abiria wangependa keki iliyobaki. Mama akaipokea, akatazama mahindi kwa muda.

"Unajua, Roma yote sikumwona Harlan," akasema. "Alikuwa mbele na mlango umefungwa. Nilimsikia tu kwenye kipaza sauti." Akampapasa Orrin goti. "Ndege ya kukaa na rubani, hii ndiyo ya kwanza."

Wanaotaka kusema kwamba ndugu mmoja alimzibia mwingine njia, basi na waseme pia kwamba bila kipengele cha mume wangu viti vile vingekuwa angani, na mama angepanda daraja la pili kama mtu yeyote. Mimi sijui kama hilo ni jibu. Nalitoa hata hivyo, maana ni la kweli.

Nilikuwa bado nimesimama, mgongo unaniuma kwa uendeshaji. Lavonne akanionyesha kwa macho kwamba pale ni pa watu wawili tu. Nikaingia jikoni, nikaleta kigoda, nikakaa pembeni yao penye nafasi.